Akuaponiki: Hesabu ya Samaki na Mboga Wanaotumia Maji Yale Yale

Akuaponiki ni mfumo wa kufuga samaki na kukuza mboga bila udongo, ambamo maji ya tangi la samaki husukumwa na pampu hadi kwenye vitalu vya mboga, kisha yakarudi tangini. Samaki hutoa amonia, ambayo ikizidi huwaua. Bakteria wanaojishikiza kwenye kokoto na kuta za mabomba huigeuza kuwa nitriti na hatimaye nitrati. Nitrati hiyo ndiyo mbolea inayonyonywa na mizizi. Upande huo wa kibiolojia hufafanuliwa mara kwa mara. Upande wa fedha hupewa sentensi moja tu, kwamba mkulima huvuna mara mbili kwa gharama moja, na sentensi hiyo haistahili kuaminiwa kabla ya kupigiwa hesabu.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Kisauni, Mombasa, mwenye vitalu vya mita 10 za mraba. Mwongozo wa FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, kwa mboga za majani ni gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa kila mita ya mraba kwa siku, hivyo atahitaji takriban nusu kilo kila siku, yaani kilo 15 kwa mwezi. Tilapia anayelishwa vizuri hula kama kilo moja na nusu ili aongeze kilo moja ya uzito, kwa hiyo mfumo mzima utazalisha kilo 10 za samaki kwa mwezi. Tukikisia, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba chakula ni shilingi 150 kwa kilo na samaki huuzwa shilingi 400, mapato ni 4,000 na chakula kimekula 2,250. Pampu ya wati 60 isiyozimwa hutumia uniti 43 kwa mwezi. Uniti ikiwa shilingi 25, zinaondoka 1,075 nyingine. Zinazobaki hazifiki 700, na bado hajalipia vifaranga wala kibarua.

Sasa tutazame vitalu. Vikitoa mafungu 200 kwa mwezi, na fungu likauzwa shilingi 10 kwa sababu lori la mboga kutoka Taita limeshusha mzigo sokoni Kongowea alfajiri hiyo, mkulima anapata 2,000. Mafungu hayo hayo yakiwa ya mrehani au mnanaa, yakanunuliwa kwa shilingi 50 na hoteli ya Nyali au Bamburi inayotaka majani mabichi kila asubuhi, anapata 10,000. Samaki, maji na pampu havikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mnunuzi. Kwa maoni yangu hapo ndipo uchumi wa akuaponiki ulipo: mboga ndizo biashara, na samaki ni kiwanda cha mbolea kinachojilipia sehemu kubwa ya gharama zake.

Kwa sababu hiyo, swali sahihi si mfumo unaingiza kiasi gani, bali kuunganisha kunaokoa nini ukilinganisha na kufanya kazi hizo mbili kila moja kivyake. Mbolea inayookolewa si ghali kiasi hicho, kwani mkulima wa haidroponiki, yaani anayekuza mboga kwenye maji bila samaki, huinunua ya unga na kuichanganya apendavyo. Maji ndiyo akiba ya kweli, hasa Mombasa, ambako mitaa mingi hungoja mfereji kwa zamu au hununua madumu ya mkokoteni. Mfumo uliojengwa vizuri hupoteza kati ya asilimia 1 na 3 ya maji yake kwa siku, yaani lita 10 hadi 30, takriban dumu moja la lita 20, kwa kila lita 1,000. Joto la Pwani nalo ni ruzuku ya bure, kwa kuwa tilapia hustawi kwenye maji ya nyuzi 27 hadi 30 na hakuna haja ya kuyapasha.

Gharama ya kuunganisha ni kwamba hasara nazo zinaungana. Mboga zikiingiwa na vidukari huwezi kupuliza dawa ovyo, maana itawafikia samaki. Samaki wakiugua, dawa za kuwatibu zinaweza kuwaua bakteria. Umeme ukikatika usiku katika tangi lililojaa samaki, oksijeni huisha ndani ya muda mfupi, na kinachopotea ni miezi sita au zaidi ya ufugaji pamoja na mbolea ya mboga zote, hivyo betri ya akiba iwekwe kwenye mtaji tangu mwanzo. Kuna pia mitego ya hapa kwetu. Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi ambayo tilapia huivumilia lakini mboga nyingi haziiwezi. Kokoto za matumbawe, ambazo hupatikana kwa bei ndogo, hupandisha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, na kuzuia madini ya chuma yasifike mizizini. Dalili yake ni majani machanga yanayogeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Kokoto za bei rahisi zikishaharibu mavuno mawili, si za bei rahisi tena.

Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2015, uliowahoji wakulima 257 wa akuaponiki ya kibiashara, ulionyesha kuwa chini ya theluthi yao walikuwa wamepata faida katika miezi 12 iliyotangulia, na kwamba waliouza pia vifaa, ushauri au mafunzo walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata faida. Anayealikwa kwenye semina ya akuaponiki ana haki ya kuuliza ni kiasi gani cha mapato ya mwenyeji kinatokana na mboga na samaki, na ni kiasi gani kinatokana na ada ya semina yenyewe.