Usimamizi wa Kisayansi na Nadharia za Mahitaji: Tofauti Iko Wapi?

Msimu wa kahawa huku Moshi, vibarua wengi hulipwa kwa debe. Umejaza matano, unalipwa ya matano. Anayepanga malipo hivyo, hata kama hajawahi kusikia jina la Frederick Taylor, yuko karibu na mawazo yake.

Taylor, mhandisi wa Marekani, alichapisha kanuni za usimamizi wa kisayansi mwaka 1911. Aliamini kila kazi ina njia yake bora: ipime kwa saa, mfundishe mtu, umlipe kadiri anavyotoa. Aliandika kwamba katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem, mbebaji mmoja alitoka tani 12.5 kwa siku hadi 47.5, akiambiwa lini abebe na lini apumzike. Ujira wake ulipanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85. Hebu isome tena hesabu hiyo: mzigo karibu mara nne, ujira haukufika hata mara mbili. Lakini tusimwonee. Mapumziko aliyaweka ndani ya kazi yenyewe, na wanyapara wengi mpaka leo hawataki kuyasikia.

Nadharia za mahitaji zinaanzia kwingine: huyu mtu anatafuta nini hapa? Mtafiti Elton Mayo na wenzake, kutokana na utafiti wa kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, waliona uhusiano kazini una nguvu kubwa. Mwaka 1943 mwanasaikolojia Abraham Maslow akayapanga mahitaji: ya mwili, usalama, kupendwa, heshima, na kukitimiza kipaji chako. Wengi huyafundisha kama ngazi isiyorukwa. Mwenyewe alisema si lazima moja litoshelezwe lote ndipo jingine lijitokeze.

Sasa turudi shambani. Chungulia debe lililojazwa haraka: nyekundu, kijani, na zilizokaukia mtini, kwa kuwa mkono umekwangua tawi zima badala ya kuchuma tunda moja moja. Mama aliyekulia kwenye mibuni anajua tofauti hiyo kuliko msimamizi. Ila ukimsifu kwa maneno na bei ikabaki ileile, yeye anayechagua mbivu atarudi nyumbani na pesa kidogo kuliko aliyekwangua. Ndiyo maana kwangu heshima inaanzia kwenye bei: debe la nyekundu tupu lilipwe zaidi, na lipimwe bapa, bila kilele, mchumaji mwenyewe akiwa amesimama pale anaona.