Kung'oa jino la juu hakupofushi

Barazani Ngamiani, Tanga, penye kahawa na kashata, usitaje kung'oa jino la juu: utaambiwa jicho litafuata. Imani hii ni kongwe, na asili yake inaeleweka. Gego la juu likioza, maumivu hupanda shavuni hadi karibu na jicho, na usaha ukisambaa uso huvimba mpaka jicho likafumba. Aliyeona hivyo atalaumu nini, kama si koleo la daktari?

Ila njia ni mbili tofauti. Hisia za meno hupita kwenye neva (mshipa wa fahamu) ya 5 ya kichwa. Kuona ni kazi ya neva ya 2. Koleo halifiki huko. Kinachoweza kulidhuru jicho, ingawa ni nadra, ni huo usaha ulioachwa.

Woga huu una bei yake. Jino bovu likikaa, maambukizi hula mfupa wa taya, na kipandikizi, ile skrubu ya titani inayobeba jino la bandia, kinahitaji mfupa. Mfupa usipotosha, huongezwa kwanza, mara nyingi kwa malipo ya ziada. Basi ukitajiwa bei, uliza: ni ya skrubu tu, au pamoja na picha ya eksirei, kiunganishi kinachoshikisha jino kwenye skrubu, na jino lenyewe? Mfupa kwa kawaida huchukua miezi 3 hadi 6 kuishika skrubu, kwa hiyo si vibaya kuomba kulipa kwa awamu. Na meno ya kuvaa na kuvua, ambayo ni nafuu zaidi, wala si aibu.