Kwa nini mjohoro unajaa maua lakini hautoi asali?

Miaka kadhaa iliyopita nilimshauri jirani yangu hapa Lindi atundike mzinga kwenye mjohoro ulio mbele ya nyumba yake. Hoja yangu ilikuwa fupi: mti umejaa njano hadi nchani, wadudu wanavuma juu yake kutwa, basi asali ipo. Mzinga ukatundikwa.

Nilikosea, tena vibaya. Asali hutokana na mbochi, yale majimaji matamu ya ndani ya ua, na maua ya mjohoro, kama ya ndugu zake wa jenasi ya Senna, hayana mbochi. Kilichomo ni chavua tu, ule unga wa kiume. Ningetazama mikorosho ningejua mapema. Vijiua vyake vya kipindi cha kipupwe ni vidogo, hata rangi havina ya kujivunia, lakini mbochi vinao na nyuki wanavijua. Mimi nilipima asali kwa macho.

Mti wenyewe ni mgeni: asili yake ni Asia ya kusini na kusini-mashariki, na neno siamea katika jina lake la kitaalamu, Senna siamea, linatokana na Siam, jina la zamani la Thailand, ambako majani yake machanga huchemshwa na kuliwa.

Hata hiyo chavua haichotwi hivi hivi. Kwenye mimea mingi, vifuko vya chavua hupasuka kwa urefu kama ganda la kunde kavu, unga ukabaki wazi. Vya mjohoro vina vitundu vidogo nchani tu. Fikiria kopo la poda: ukilikwaruza hupati kitu, sharti ulitikise. Nyuki wa asali hajui kutikisa. Anayejua ni yule mweusi mnene anayetoboa mbao za kenchi. Hulikumbatia ua, hutuliza mabawa, kisha hukaza na kulegeza misuli ileile ya kurukia, haraka ajabu. Ni bodaboda inayopigwa resi gia haijaingia: injini inanguruma, chombo chote kinatetemeka, safari hakuna. Ua nalo linatetemeka, na poda inammwagikia tumboni. Tega sikio siku moja. Akishatua, pale ungetarajia kimya, mlio ndio unapanda.

Mimea ya namna hii si michache. Inakadiriwa kufikia spishi 20,000 au zaidi, zikiwemo nyanya na bilinganya za bustanini. Nyanya, hata hivyo, hutikiswa pia na upepo, kwa hiyo usimpe mtoboa mbao sifa zote.

Na ukimwona nyuki wa asali juu ya mjohoro, usidhani nimekudanganya. Anaokota chavua iliyomwagwa na wengine, na chavua ni chakula cha majana, yaani watoto wa nyuki, mzingani. Kwa hiyo mti si wa bure kabisa kwa mfugaji, ila asali asiidai hapo.

Jirani ameuhamishia mzinga kwenye mikorosho. Mjohoro ameubakiza kwa kivuli, na kenchi zake zinaendelea kutobolewa.