Anakula lakini anakonda: yanayosemwa kuhusu ugonjwa sugu wa kongosho, na ukweli wake

Kongosho liko nyuma ya mfuko wa tumbo, na lina kazi mbili: kutoa vimeng'enya vya kusaga chakula, na kutoa homoni zinazoratibu sukari, insulini ikiwemo. Likivimba miaka na miaka, nyama yake hugeuka makovu na kazi zote mbili hudorora. Hapo utapiamlo huingia, na maneno ya watu huingia nao.

"Mbona anakula vizuri? Kukonda huku kuna jambo."

Dhana hii ndiyo inayochelewesha tiba. Mgonjwa anamaliza sahani, lakini suruali zinamdondoka. Anapimwa Ukimwi, anapimwa kifua kikuu, na ni sawa kabisa apimwe. Majibu yakija safi, mtaani wanaanza kusema karogwa, na kumbe hakuna aliyeuliza habari za kongosho.

Ukweli ni kwamba chakula kinaingia lakini hakisagwi. Mafuta ndiyo yanayoathirika zaidi, kwa sababu bila kimeng'enya cha lipasi hayafyonzwi, yanatoka na choo. Choo hicho huwa kingi, cha rangi ya manjano iliyopauka, kina harufu kali isiyo ya kawaida, kinaelea na kuacha utando wa mafuta juu ya maji. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunatumia choo cha shimo, na mtu hawezi kueleza asichokiona. Tena dalili hiyo kwa kawaida hujitokeza wazi pale ambapo uwezo wa kutoa vimeng'enya umeshapotea kwa takriban asilimia 90. Kutoiona si uthibitisho kwamba kongosho ni zima. Kipo kipimo cha choo kinachopima elastasi, kimojawapo cha vimeng'enya vya kongosho: ikiwa chini ya mikrogramu 200 kwa gramu moja ya choo, kuna shaka, chini ya 100, upungufu ni mkubwa.

"Asiguse mafuta kabisa."

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, na umewadhoofisha wengi. Mara nyingi chanzo chake ni wodini: kongosho likivimba ghafla, mgonjwa huambiwa apumzishe tumbo, kisha aanze na vyakula vyepesi. Anarudi nyumbani na kuishika amri hiyo ya siku chache maisha yake yote. Tui la nazi marufuku, karanga marufuku, parachichi marufuku, samaki wa kukaanga ndiyo usiseme. Anabaki na ugali na mchicha wa kuchemsha. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga ina 4; mtu anayekonda ananyang'anywa chakula chenye nguvu kuliko vyote. Vitamini A, D, E na K nazo hufyonzwa pamoja na mafuta. Zikipungua, macho hushindwa kuona vizuri gizani, damu huchelewa kuganda, na mifupa hupoteza uimara kimya kimya mpaka siku inapovunjika kwa kujikwaa tu.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2020 na ESPEN, chama cha Ulaya cha wataalamu wa lishe ya wagonjwa, hautaki mafuta yapunguzwe, isipokuwa pale choo cha mafuta kinaposhindwa kudhibitiwa hata kwa dawa za vimeng'enya. Unashauri chakula chenye nguvu na protini ya kutosha, kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku. Milo midogo humsaidia pia yule anayeogopa kula kwa sababu kila akila tumbo linamuuma. Nyuzinyuzi nyingi mno, ndiyo, azipunguze: huzuia vimeng'enya kufanya kazi.

"Dawa nameza asubuhi, inatosha."

Kapsuli za vimeng'enya hazifanyi kazi bila chakula, na chakula hakisagwi bila hizo. Ndani yake mna chembe ndogo zilizopakwa utando ili asidi ya tumbo isiziharibu. Ndiyo maana hazitafunwi wala kukorogwa kwenye uji wa moto. Humezwa na tonge la kwanza, na zikiwa zaidi ya moja, nyingine katikati ya mlo. Kipimo cha kuanzia kwa mtu mzima huwa uniti 40,000 hadi 50,000 za lipasi kwa mlo mkubwa, na nusu yake kwa kitafunwa. Chapati na chai ya maziwa ya saa kumi ina mafuta. Nayo inahitaji kapsuli.

"Yule mnene hana utapiamlo."

Anaweza kuwa nao. Mafuta ya mwili hubaki huku misuli ikiisha na vitamini zikiwa chini.

"Ana kisukari, basi ale kidogo."

Hapana. Kongosho lililoharibika hukosa pia glukagoni, homoni inayopandisha sukari. Akipitisha mlo huku anachoma insulini, sukari yake inaweza kushuka hadi akazimia.

"Ni pombe tu."

Pombe na sigara ni visababishi vikubwa, lakini wapo wasiowahi kugusa hata kimoja. Mwaka 1959 mtafiti Zuidema aliandika kuhusu wagonjwa maskini wa Indonesia wenye mawe kwenye kongosho, na mwaka 1960 mtafiti mwingine, Shaper, akaandika kuhusu wagonjwa wa Uganda. Njaa ilishukiwa, baadaye na muhogo. Utafiti uliofuata haukuthibitisha kuwa muhogo ndio chanzo. Ulionyesha mchango wa vinasaba vya kurithi, na kwamba mara nyingi udhaifu wa mwili ulikuja baada ya ugonjwa.

"Dawa yenyewe ya nguruwe, bora niache."

Ni kweli, kapsuli zinazotumika karibu kote hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe, na Mwislamu ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kuandikiwa. Wanazuoni wengi huruhusu dawa ya aina hii kwa dharura pale isipopatikana mbadala, wakitegemea aya ya 173 ya Sura al-Baqara. Amuulize sheikh anayemwamini, na uamuzi wowote atakaofikia amwambie daktari. Akiziacha kimya kimya, daktari atadhani dawa haimfai, atamwongezea kipimo, na kapsuli zitaendelea kurundikana kabatini huku uzito ukishuka.