Miche ya Chupa kwa Mazao ya Nishati: Dhana Potofu na Ukweli

Wapo wanunuzi wa miche wanaoamini kwamba mche uliozalishwa maabara umebadilishwa vinasaba. Sivyo. Mtaalamu hukata kipande kidogo cha mmea mama, hukitakasa, kisha hukiotesha ndani ya chupa yenye sukari, madini na homoni, kwa fomula ambayo msingi wake ulichapishwa na Murashige na Skoog mwaka 1962. Hakuna jeni ngeni inayoingizwa.

Dhana yenye hasara kubwa zaidi ni ile isemayo kwamba maabara huongeza mafuta katika mmea. Kazi ya maabara ni kunakili: mbono kaburi (jatropha, mmea wa mbegu za mafuta) uzaao mbegu chache utatoa maelfu ya miche izaayo mbegu chache vilevile, na ndiyo maana uteuzi wa mmea mama, unaohitaji miaka ya kupima mavuno shambani, una uzito kuliko chupa zote zitakazofuata. Hata kunakili kwenyewe kunaweza kuharibika. Mchikichi una ncha moja tu ya kukua na hautoi machipukizi pembeni, kwa hiyo njia ya chupa ndiyo inayowezesha kupata nakala zake. Lakini baadhi ya nakala hizo, zilizoonekana njema kitaluni, zilipofikia umri wa kuzaa zilitoa matunda yenye kasoro na mafuta haba. Mwaka 2015 watafiti walieleza kwamba mfuatano wa jeni ulikuwa haujabadilika. Kilichopotea ni alama za kikemikali zinazodhibiti sehemu ya vinasaba iitwayo Karma. Muuzaji asiyeweza kueleza asili ya mmea mama wake hastahili kuaminiwa, hata chupa zake ziwe safi kiasi gani.

Wapo pia wanaodhani kwamba mche safi ni mche wenye kinga. Muhogo, ambao wanga wake hutengenezwa ethanoli (kileo kinachotumika kama nishati), unaweza kutoka chupani bila virusi. Ukipandwa jirani na shamba lenye batobato au michirizi ya kahawia, kama ilivyo katika maeneo mengi ya Pwani, inzi weupe wataurudishia ugonjwa.

Tena mche huo haupaswi kupelekwa shambani moja kwa moja. Majani yaliyokulia chupani, penye unyevu mwingi, yana nta kidogo na hayawezi kuzuia maji yasipotee, hivyo yahitaji kwanza wiki kadhaa za kivuli na unyevu unaopunguzwa taratibu.