Je, wajua kwa nini tairi la mbele hugonga vidole vya mguu?

Siku ya tatu tangu ninunue baiskeli ya mashindano ya mtumba, nilianguka pale Ngamiani, Tanga, mbele ya mama muuza vitumbua. Sikugongwa na bodaboda, wala barabara haikuwa na shimo. Nilikuwa nageuza taratibu nirudi nilikotoka, mara usukani ukagoma katikati kana kwamba kuna mtu kaushika. Baiskeli ikalala, nami nikalala nayo. "Pole mwanangu, umejikwaa na nini?" mama akauliza huku akivuta beseni lake pembeni. Sikuwa na jibu. Nilimwamkia tu kwa aibu, nikajipangusa vumbi.

Jibu nililikuta kwenye kiatu. Ncha ya kiatu cha kulia, upande wa kidole gumba, ilikuwa na alama nyeusi ya mpira iliyopinda kama mwezi mwandamo. Tairi langu lenyewe ndilo lililonigonga.

Navaa namba 46, kwa hiyo hukumu ya vijana wa kijiweni ilitoka mara moja: miguu yako mikubwa. Wamekosea, ingawa si sana.

Tuanze na namna tairi linavyoufikia mguu, maana wengi hudhani unaogongwa ni mguu wa upande unaokata kona. Ni kinyume chake. Ukikata kushoto, sehemu ya mbele ya gurudumu huenda kushoto, lakini sehemu yake ya nyuma, ile inayotazamana na miguu yako, huchepukia kulia. Mguu wa kulia ukiwa mbele wakati huo, pedeli zikiwa zimelala sawasawa na ardhi, tairi linakuja moja kwa moja kwenye kidole gumba. Ndiyo maana alama yangu ilikuwa upande wa ndani wa kiatu.

Na kwa nini haitokei ukiwa na mwendo mkali? Kwa sababu kwenye mwendo baiskeli haikatwi kona kwa kuzungusha usukani, inalazwa. Usukani wenyewe husogea kidogo mno, na tairi haliufikii mguu. Mtu anaweza kuendesha baiskeli ya aina hiyo miaka mingi, akashuka milima nayo, na asiguse kidole hata mara moja. Kisha siku moja anageuza kwenye uchochoro, au anazunguka polepole akisubiri mwenzake, na hapo ndipo inapompata.

Sasa tupime. Chukua futi ya fundi, pima kutoka katikati ya ekseli ya pedeli, pale mikono ya pedeli inapokutana kwenye fremu, hadi katikati ya ekseli ya gurudumu la mbele. Kwenye baiskeli yangu ni sentimita 58. Toa urefu wa mkono wa pedeli, sentimita 17. Toa tena nusu ya kipenyo cha gurudumu pamoja na tairi lake, kama sentimita 34. Inabaki takriban sentimita 7, na hiyo ndiyo nafasi yote iliyopo kati ya pedeli na tairi. Ukikanyaga inavyotakiwa, ile sehemu pana ya wayo nyuma ya vidole ikae juu ya pedeli, kiatu cha namba 46 kinatokeza mbele ya pedeli kama sentimita 9. Tisa haziingii kwenye saba.

Lakini chukua na mwenye namba 40. Namba za viatu za Ulaya hupandana kwa theluthi mbili za sentimita, kwa hiyo kati ya 40 na 46 pana tofauti ya sentimita 4 za urefu. Katika hizo 4, sehemu kubwa iko nyuma ya pedeli, kuelekea kisigino. Mbele ya pedeli inaongezeka sentimita 1 tu na kitu. Maana yake hata huyo wa namba 40 angegusa tairi la baiskeli yangu. Tofauti yetu ni kwamba yeye angehitaji kukata usukani zaidi kidogo kabla ya kugusa. Mguu mkubwa unaharakisha tatizo, ila tatizo lenyewe limo kwenye fremu.

Aliyechora fremu hii alijua anachofanya. Baiskeli ya mashindano hufupishwa makusudi ili igeuke haraka na uzito wa mwendeshaji ulalie vizuri gurudumu la mbele. Kanuni za UCI, chama cha dunia cha mchezo huu, zinaruhusu ule umbali wa ekseli ya pedeli hadi ekseli ya gurudumu la mbele uwe kati ya sentimita 54 na 65. Ukiwa na 54, hata mguu wa mtoto wa shule utagusa. Marekani nayo ina sheria inayotaka angalau milimita 89 kati ya pedeli na tairi au madigadi, usukani ukikatwa upande wowote, lakini inazihusu tu baiskeli ambazo hazina kifaa cha kushikilia mguu kwenye pedeli. Yaani ambaye mguu wake umefungwa, na hawezi kuuchomoa upesi akianguka, ndiye aliyeachwa nje ya sheria. Hilo mimi limenishinda kulielewa.

Wanaoumia zaidi ni watu wafupi. Mtu mrefu mwenye miguu mirefu hupewa fremu kubwa, na gurudumu la mbele linasogea mbali naye. Mfupi hupewa fremu ndogo, lakini magurudumu yanabaki saizi ileile ya wote, kwa hiyo kila kitu kinabanana. Georgena Terry wa Marekani, ambaye miaka ya 1980 alianza kuwatengenezea wanawake baiskeli zinazowaenea, alitatua hilo kwa kuweka gurudumu dogo mbele na la kawaida nyuma. Zilionekana za ajabu, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi. Na mwenye shida kuliko wote ni mfupi mwenye mguu mkubwa. Huyo anabanwa kotekote.

Jirani yangu ana Phoenix, ile nyeusi nzito ya kubebea mkaa na ndizi. Gurudumu lake ni kubwa kuliko langu, na juu ya tairi kuna madigadi ya bati, hivyo ungetarajia yeye ndiye aumie. Anaendesha kwa kandambili, anakanyaga pedeli kwa katikati ya wayo, vidole vyote viko hewani mbele, na anageuza popote apendapo. Nilipoipima, nafasi kati ya pedeli na madigadi ilikuwa sentimita 12. Siri iko kwenye foki: imelala sana kuelekea mbele, na gurudumu limetupwa mbali. Baiskeli za namna hiyo ni ndefu, nzito kugeuka, na zimetulia barabarani hata zikiwa na gunia nyuma. Ya kwangu foki yake imesimama karibu wima.

Ufanye nini basi kama tayari unayo? Kwanza, usinunue fremu kubwa zaidi kwa ajili ya kidole. Utakuwa unaufuata usukani kwa kunyoosha mikono, na baada ya wiki mbili mgongo na shingo vitakusimulia. Mikono ya pedeli mifupi zaidi inasaidia, ila kwa kiasi: kutoka milimita 170 hadi 165 umepata milimita 5 tu. Tairi jembamba nalo linatoa milimita chache. Wanaotumia viatu vya kunasa kwenye pedeli waangalie jambo moja: mwenye mguu mkubwa mara nyingi hushauriwa arudishe kile kinasio cha chini ya soli nyuma kuelekea kisigino ili miguu isichoke. Ni ushauri mzuri kwa misuli, lakini kila milimita unayokirudisha nyuma, kidole kinasogea milimita hiyohiyo mbele.

Kilichonisaidia mimi ni mazoea. Nikitaka kugeuza taratibu, naacha kuzungusha pedeli, mguu wa nje ya kona naushusha chini kabisa, nasukumwa na mwendo uliobaki. Mguu ukiwa chini uko mbali na tairi. Mwendo ukiisha kabla sijamaliza kugeuka, nakanyaga nusu mzunguko kwa mguu wa ndani, kisha narudisha pedeli nyuma nusu mzunguko na kukanyaga tena, bila mguu wa nje kufika mbele. Kwenye baiskeli ambayo pedeli haziachi kuzunguka, zile za gia moja zisizo na mwachio, ujanja huu haupo, na huko kugonga kidole ni hatari kweli.

Masika yalipokaribia nilimpelekea fundi madigadi mbili. Alikata usukani, akaingiza vidole viwili kati ya kiatu changu na tairi, havikupita. "Kaka, hii ya mbele nikiifunga utakuwa unaanguka kila kona." Ya nyuma ameifunga. Ya mbele iko nyumbani juu ya kabati.