Kanda ya kuandikwa mara moja haina ujanja wa selotepu

Juzi, katika stoo ya ofisi moja Ngamiani, Tanga, kijana wa kompyuta aliniwekea mezani kanda sita za bekapu. "Kaka, programu inasema muda wake umekwisha, mbona mashine inakataa kuandika juu yake?"

Nilizigeuza tu. Juu rangi moja, chini kijivu: LTO, yaani kanda za sumaku za kutunzia data za kompyuta, tena za WORM, yaani za kuandikwa mara moja.

Wengi hudhani muda ukiisha kanda inakuwa tupu. Muda ule wa kutunza data uko kwenye daftari la programu tu. Kanda yenyewe haina habari nao. Wengine wanakumbuka kaseti za taarabu, tulivyokuwa tunaziba tundu kwa selotepu ndipo turekodi upya. Kanda ya LTO nayo ina kidude cha kusogeza, lakini hicho ni kinga ya kawaida. Alama ya WORM imo kwenye chipu ndani ya kanda, imewekwa kiwandani, na mashine huisoma kabla ya kuandika chochote.

Halafu kuna wa kupitisha sumaku kali. Data itafutika kweli, ila itaondoka na mistari ya sevo inayoongoza kichwa cha mashine, na hiyo mashine ya ofisini haiwezi kuirudisha. Umebaki na plastiki.

Lakini "mara moja" haina maana ya siku moja. Palipo patupu unaendelea kuongeza mpaka ijae. LTO-8 hubeba terabaiti 12 kabla ya kubana data. Mbili kati ya zile sita zilikuwa hazijafika hata nusu.